Usitie Dole Gumba Kabla ya Kuelewa

Ndugu msomaji, katika vijiji vyetu kumlea mtoto wa mwenzako si jambo geni. Mama akifariki, shangazi humchukua mtoto. Shule ikiwa mbali, mjomba humkaribisha kwake. Mtoto hukaa huko, lakini hubaki mtoto wa baba na mama yake. Likizo ikifika hurudi nyumbani. Wazazi wakimhitaji, humfuata. Huku ni kulea.

Kuasili ni jambo jingine. Kuasili ni kumfanya mtoto aliyezaliwa na wengine kuwa mtoto wako kisheria. Jambo hili huamuliwa na mahakama. Mahakama ikishatoa amri, wazazi wa kwanza hawana tena haki juu ya mtoto huyo. Hawawezi kudai arudishwe. Mtoto hupata wazazi wapya, na huwarithi hao. Kama wazazi hao ni wageni, huenda kuishi naye nchi ya mbali.

Kuasili kunaweza kuwa jambo jema. Mtoto asiye na mtu hupata nyumba na watu wa kumpenda. Lakini wako wazazi walioumia kwa sababu hawakujua tofauti ya kulea na kuasili.

YALIYOTOKEA KWA JIRANI ZETU

Nchini Uganda, watu fulani walikwenda vijijini. Waliwaahidi wazazi kwamba watoto wao watapelekwa Kampala kusoma. Badala yake watoto walipelekwa katika nyumba ya watoto isiyo na kibali, wakatolewa kwa familia za Marekani. Mwaka 2020 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji 2 wa Uganda, wakili 1 na mwenzake kwa sababu ya jambo hilo.

Uganda ilikuwa imekwisha badili sheria yake mwaka 2016. Zamani wageni wengi waliondoka na watoto kwa hati ya ulezi tu. Sheria mpya ilisema hati hiyo ni ya raia wa Uganda peke yao. Mgeni anayetaka kuasili sharti awe amekaa Uganda mwaka 1, na awe amemlea mtoto mwaka 1 akiangaliwa na ofisa.

Nchini Kongo, Septemba 2013, serikali ilisimamisha vibali vya kusafiri vya watoto walioasiliwa na wageni. Ilitaka kwanza kuchunguza karatasi zao. Familia nyingi zilikuwa zimekwisha pata amri ya mahakama. Zilisubiri, na watoto walisubiri. Wengi waliruhusiwa kuondoka mwaka 2016. Ethiopia nayo iliamua mwaka 2018 kwamba wageni wasiasili tena watoto wa nchi hiyo.

SHERIA INASEMA NINI

Tanzania Bara ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011. Sheria ya Bara inasema kwamba mzazi aliye hai aridhie. Tena mahakama ihakikishe kwamba mzazi ameelewa kuwa anapoteza haki zake moja kwa moja. Mtoto anayeweza kueleza maoni yake asikilizwe. Asiwepo mtu anayelipwa fedha ili mtoto atolewe.

Kwa mgeni masharti ni zaidi. Sheria hiyo ilipotungwa ilitaka awe amekaa nchini miaka 3 mfululizo. Ilitaka pia amlee mtoto kwanza kwa muda, chini ya uangalizi wa Ofisa Ustawi wa Jamii. Asiwe na rekodi ya makosa ya jinai. Awe na barua kutoka nchi yake inayosema kuwa anafaa. Na nchi yake iwe tayari kuitambua amri ya mahakama.

Upo pia mkataba wa mataifa uliofanywa mji wa The Hague, Uholanzi, mwaka 1993. Kenya, Burundi na Rwanda zimejiunga nao. Mkataba huo unasema kwamba kwanza itafutwe familia ndani ya nchi ya mtoto. Mzazi aridhie kwa hiari na kwa maandishi, bila kununuliwa. Na mama hawezi kuridhia kabla hajajifungua.

KWA NINI KUSUBIRI NI KUREFU

Wanaotaka kuasili hulalamika kwamba wanasubiri sana. Ni kweli, na kusubiri kunachosha. Mtoto naye anakua. Lakini tazama kazi iliyopo. Ofisa lazima atafute kama mtoto ana ndugu. Lazima atembelee nyumba ya wanaomtaka. Mahakama lazima isome taarifa na kusikiliza watu. Baadaye hutafutwa pasipoti na kibali cha kuingia nchi ya ugenini.

Wakati huo ndipo bibi wa mtoto anaweza kupatikana. Ndipo mzazi aliyedanganywa anaweza kusema. Mtu akikuambia kwamba yeye anaweza kumaliza mambo haya kwa siku chache, mwogope. Haraka haraka haina baraka.

UFANYE NINI

1. Mtu akitaka kumchukua mwanao, muulize: "Unataka kumlea au kumwasili? Atarudi lini?" Kuuliza si ujinga.

2. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Soma mwenyewe, neno kwa neno. Kama imeandikwa kwa lugha usiyoijua, mpelekee mtu unayemwamini akusomee. Asiwe yule aliyeileta.

3. Usipokee fedha wala zawadi kwa ajili ya mtoto.

4. Nenda kwa Ofisa Ustawi wa Jamii wa wilaya, au kwa msaidizi wa kisheria. Ofisi ya kijiji itakuelekeza. Katika Tanzania unaweza pia kupiga simu namba 116 bila malipo.

5. Kama umemweka mtoto kituoni kwa muda kwa sababu ya shida, mtembelee mara kwa mara. Eleza kwa maandishi kwamba utamrudia. Weka nakala nyumbani, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.

6. Kama umekwisha tia sahihi na sasa una mashaka, usikae kimya. Nenda kwa ofisa au mahakamani upesi. Kabla amri haijatolewa, bado unaweza kusikilizwa. Baada ya amri, mambo huwa magumu sana.

Ndugu msomaji, zamani uliambiwa, "Bonyeza hapa," nawe ukabonyeza. Sasa unajua kusoma. Karatasi ikiletwa mbele yako, mwambie aliyeileta asubiri. Anayekutakia mema atasubiri.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kuna tofauti gani kati ya kulea na kuasili?
2. Kwa nini sheria inataka mgeni amlee mtoto kwanza kabla ya kumwasili?
3. Katika kijiji chenu, nani angeweza kumlea mtoto aliyefiwa na wazazi? Je, anahitaji msaada gani?