PIESI ZA BEI KUBWA: ZINAFAA KINGA ZETU?



Toka mwezi wa tisa 2025, wakati mashindano ya dunia ya kinga yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, maneno ni mingi saa ya mapumziko. Wamoja wanasema Phoenix ni kinga ya wazee. Wanataka kinga ya vitesi, piesi za Shimano, gurudumu nyepesi. Wengine wamekwisha kuanza kuwaomba wazazi. Tumeona ni vema kuandika juu ya jambo hili, kwa sababu nyumbani kwetu makuta ya kinga na makuta ya minervali yanatoka katika mfuko mmoja. Tena kuna wanafunzi hapa wanaosoma kwa sababu baba anasukuma mihogo ao makala kwa kinga kutoka bonde la Ruzizi. Kinga hiyo ikilala, mtoto naye anarudishwa nyumbani.

Basi ulizo letu ni hili: mtu akiongeza makuta juu ya piesi, anapata nini?

NENO LA KWANZA: MAKUTA YANAKWENDA WAPI?

Kinga ni mashine ya kupeleka nguvu ya miguu kwa gurudumu la nyuma. Nguvu hiyo inaliwa na vitu vinne: uzito wakati wa kupanda mlima, mpira unaosaga barabara, hewa inayotusukuma mbele ya kifua, na msuguano wa sheni na wa vigololi vya ndani. Kila piesi ya bei kubwa inaahidi kupunguza kimoja cha vitu hivi.

Tuchukue mfano wa Shimano, kampuni iliyoanza mwaka 1921 katika mji wa Sakai, Japani. Piesi zake za kinga ya mashindano zimepangwa kama madarasa ya shule. Darasa la juu linaitwa Dura-Ace, jina lililoanza mwaka 1973. Chini yake kuna Ultegra, kisha 105. Ukitoka 105 ya umeme kwenda Dura-Ace unalipa zaidi ya mara mbili. Uzito unaopungua ni karibu nusu kilo.

Sasa tufanye hesabu. Mwanafunzi ana kilo 55, kinga kilo 20, vitabu kilo 5. Jumla ni kilo 80. Nusu kilo katika kilo 80 ni chini ya sehemu moja katika 100. Akipanda mlima kwa dakika 30, nusu kilo itamwokolea sekunde 11 hivi. Ni muda wa kufunga kamba ya kiatu! Tena chupa ya nusu lita ya maji ina uzito ule ule. Anayeiacha nyumbani amekwisha kupata faida hiyo bure.

Mtu atasema: Mbona washindani wakubwa wanazinunua? Jibu ni rahisi. Kwao sekunde moja ni ushindi. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda mara tatu katika Tour de France ya mwaka 2024 na akavaa jezi ya kijani mpaka mwisho. Alishinda katika mbio za mwisho, fasi ambapo watu wanaachana kwa urefu wa gurudumu. Tena sheria ya mashindano inakataza kinga yenye uzito wa chini ya kilo 6.8, kwa hiyo wote wako karibu na mpaka huo, na wanagombania gramu na upepo.

Lakini hata kwao, piesi haikanyagi pedali. Tarehe 28 mwezi wa tisa 2025, wanaume walikimbia kilometa 267.5 katika milima ya Kigali. Karibu wote walikuwa na kinga za bei ya kutisha. Waliofika mwisho ni 30 tu, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Piesi zao zilikaribia kuwa sawa. Miguu ndiyo haikuwa sawa.

Na hewa? Mwendo ukiongezeka mara mbili, hewa inaturudisha nyuma mara nne. Kwa mtu anayekwenda kilometa 40 kwa saa, hewa ndiyo adui wa kwanza, na gurudumu iliyotengenezwa kwa kukata upepo inamsaidia. Kwa mtu anayetoka Kiliba na mfuko wa unga nyuma, kilometa 12 kwa saa, hewa ni adui mdogo sana. Piesi ile haina kazi kwake.

Tusikose kusema jambo moja la haki. Kutoka piesi mbaya kabisa kwenda piesi ya katikati, faida ni kubwa: chuma ni kigumu zaidi, vigololi ni vya duara kweli, freni inakamata. Kutoka katikati kwenda juu, bei inapanda haraka na faida inapanda polepole. Piesi nyingine za juu zinaisha hata mbele ya zile za katikati, kwa sababu zilitengenezwa ziwe nyepesi, hazikutengenezwa ziishi myaka mingi.

NENO LA PILI: FRENI

Kama kuna fasi moja ya kuongeza makuta, ni hapa. Na hapa ndipo watu wengi wanapopunguza.

Wote tunajua wapanda kinga wa Burundi wanaoshuka na ndizi kutoka Bugarama mpaka Bujumbura. Kupanda wanashika nyuma ya lori, kushuka wanateremka zaidi ya mita 1,000 kwa freni peke yake. Tupime kazi ya freni hiyo. Mtu, kinga na mzigo, jumla kilo 150, wakishuka mita 1,000 za wima, mteremko unatoa jule karibu 1,470,000. Mwalimu wa fizika ametufundisha kwamba kuchemsha lita moja ya maji, kutoka digri 20 hadi 100, kunataka jule karibu 335,000. Maana yake mteremko ule ungeweza kuchemsha zaidi ya lita nne za maji. Sehemu moja inachukuliwa na hewa. Yote inayobaki inageuka moto kati ya vipande vidogo vya mpira na chuma ya gurudumu. Anayeshuka Ngomo kuelekea Kamanyola na mzigo yuko katika hesabu ile ile.

Tena chuma inayong'aa ya gurudumu za kinga zetu, ikilowana na mvua, mpira wa freni unateleza juu yake. Kwa hiyo wakati wa mvua ushike freni kidogo kidogo mbele ya kufika mteremkoni, ili chuma ikauke. Na mpira wa freni ukikaribia chuma iliyoushika, usingoje mwisho wa mwezi. Piesi hii ni ya bei ndogo kuliko zote, lakini ikikosekana hakuna makuta yanayoweza kulipa hasara.

NENO LA TATU: MIPIRA

Mpira wa hewa wa kinga ulianza Belfast mwaka 1888, wakati John Boyd Dunlop alipoufunga kwa kinga ya mtoto wake. Mbele ya hapo watu walipanda juu ya mpira mgumu ao chuma tupu, wakatikiswa mpaka meno. Hakuna piesi nyingine iliyogeuza kinga namna ile. Tusisahau kwamba ulimwengu ulipotaka mipira mingi ya kinga, na baadaye ya magari, sehemu ya raba ilitoka katika nchi yetu, wakati wa utawala wa Leopold wa Pili, 1885 mpaka 1908, na babu zetu waliilipa kwa damu. Kwa hiyo mpira wa kinga si kitu kidogo katika historia yetu.

Kwa barabara yetu ya mawe na mchanga, mpira mnene na mzuri unafaa bei yake. Mpira wa bei ndogo sana unapasuka pembeni, kisha unakula mpira wa ndani, unakula raba ya kuziba, unakula na saa ya masomo. Lakini mpira mzuri bila pompi ni bure. Ukiwa na hewa kidogo, unasaga barabara na kuchosha miguu kuliko kilo mbili za uzito, tena unabanwa kati ya jiwe na chuma na kutoboka. Pompi moja ikinunuliwa na wanafunzi watano wa mtaa mmoja, ni faida kwa wote watano.

NENO LA NNE: VIGOLOLI NA SHENI

Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Tanganyika yalipanda na kufunika fasi za pwani, upande wetu na upande wa Bujumbura. Wengi walipitisha kinga ndani ya maji. Maji yakiingia katikati ya gurudumu yanafukuza grisi, yanaacha mchanga. Vigololi vinaanza kulia, kisha vinavunjika, na chuma inayovibeba inachimbika. Hapa dawa si piesi ya Ulaya. Dawa ni fundi kufungua, kuosha, kutia grisi mpya na vigololi vipya. Ukipita ndani ya maji leo, usingoje kusikia kilio.

Juu ya sheni, kuna siri wanafunzi wengi hawaijui. Sheni safi yenye mafuta inapeleka zaidi ya sehemu 95 katika 100 za nguvu ya miguu. Basi sheni ya bei kubwa inaweza kugombania zile chache tu zilizobaki. Lakini sheni chafu ni jambo lingine: vumbi na mafuta vikichanganyika vinageuka msasa, na msasa unakula chuma usiku na mchana.

Namna ya kujua kama sheni imeisha ni hii. Katika sheni ya Phoenix na katika sheni ya Dura-Ace, nafasi kati ya msumari mmoja na mwingine ni ile ile: milimita 12.7. Chukua rula yako ya sentimita 30. Anza katikati ya msumari mmoja, hesabu nafasi 20. Sheni mpya itapima sentimita 25.4. Ikipita hapo kwa milimita mbili na nusu, imeisha, hata kama inang'aa. Ukiiacha, itakula meno ya mbele na ya nyuma, na badala ya kununua piesi moja utanunua tatu.

NENO LA TANO: NA VITESI?

Hatusemi kwamba vitesi ni ubatili. Katika Tour de France yenyewe, derayeri, ndiyo chuma inayohamisha sheni, ilikatazwa kwa washindani mpaka mwaka 1937. Ilipokubaliwa, hakuna aliyetaka kurudi nyuma. Kwa mtu anayepanda milima kila siku, kutoka vitesi moja kwenda vitesi sita ni badiliko la kweli, kuliko kutoka 105 kwenda Dura-Ace.

Lakini angalia njia yako. Kutoka Uvira kwenda Kiliba, Sange na Luvungi, bonde ni tambarare. Vitesi moja inatosha. Derayeri inaning'inia chini, karibu na matope na mawe, na ikipinda kidogo sheni inaruka. Sheni yake ni nyembamba, haipendi mchanga. Na zile za umeme zinataka kuchajiwa. Sisi tunaokosa umeme hata wa kusomea usiku, tutawezaje?

Kwa hiyo, mbele ya kununua, nenda kwa fundi wa mtaa na umwulize kwa heshima: Papa fundi, piesi hii ikivunjika, utaipata wapi, na itachukua siku ngapi? Kama jibu ni Bujumbura ao mbali zaidi, ujue kwamba bei uliyoambiwa si bei yote. Siku za kungoja nazo ni sehemu ya bei.

MWISHO

Ndugu wanafunzi, tunafunga kwa mafupi. Lipa zaidi fasi ambapo piesi ikikosa, mtu anaanguka: freni na mpira wa mbele. Lipa kwa kiasi fasi ambapo piesi inaisha kila mwaka: sheni, vigololi, mpira wa nyuma. Usilipe kitu juu ya kung'aa na juu ya jina. Ukipata kinga iliyotunzwa namna hii na bado unaachwa nyuma njiani, dawa iliyobaki ni mazoezi, nayo hayauzwi sokoni.

Na kama mzazi amekwisha kukubali kununua piesi ya bei kubwa, umwonyeshe kwanza hesabu ya sekunde 11. Kisha mwamue pamoja.

Siku ya kazi za mikono wiki ijayo, kila mwenye kinga alete rula na kitambaa. Tutapima sheni zote za shule, na za walimu pia kama watapenda.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho