Pundamilia wa Vasarely na mbung'o wa Maswa

Simiyu imepakana na Serengeti, na Pori la Akiba Maswa limo ndani ya mkoa, kwa hiyo mtu wa Meatu au Bariadi hahitaji kusimuliwa pundamilia. Lakini mchoraji aliyemchukua mnyama huyo akaanzisha naye mkondo mpya wa sanaa alikuwa Mhungaria aliyeishi Paris akitengeneza mabango ya matangazo. Jina lake Victor Vasarely. Namleta kwenye safu hii ya macho kwa sababu swali alilohangaika nalo maisha yake yote ndilo linalowashughulisha watafiti wa mbung'o mpaka leo: mistari myeusi na myeupe inalifanya nini jicho?

Alizaliwa mwaka 1906 mjini Pécs, akaitwa Győző Vásárhelyi. Alianza kusomea udaktari Budapest, na baada ya miaka kama miwili akaacha ili achore. Mzazi wa Kisukuma aliyewahi kuuza ng'ombe mwanawe asomee udaktari anaweza kukisia nyumbani kwao palikuwaje siku hiyo. Akaingia shule ya mchoraji Sándor Bortnyik, iliyofuata nyayo za Bauhaus, shule ya sanaa ya Ujerumani, ambako herufi na bango vilifikiriwa kwa uzito uleule wa picha ya kutundika sebuleni. Mwaka 1930 akahamia Paris, akajipatia riziki kwenye kampuni za matangazo. Wasanii wengi huidharau kazi hiyo. Mimi naona ndiyo iliyomkomaza. Mpita njia hasimami kulitafakari bango, kwa hiyo mchoraji lazima alikamate jicho kwanza, akili itafuata baadaye.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 akachora pundamilia wawili waliosokotana. Ukiisogelea picha hiyo utagundua kwamba hakuna mstari unaozunguka mwili. Shuleni tulifundishwa kuchora umbo la nje kwanza, kisha kujaza ndani; Vasarely ameliondoa umbo la nje, akabakiza milia peke yake. Milia ikijipinda, tunaona ubavu. Ikibanana, tunaona bega linageukia upande wa pili. Ikikatika ghafla, tunaelewa kwamba mnyama mmoja amepita mbele ya mwenzake. Miili hiyo miwili anaitengeneza mtazamaji. Wanahistoria wengi huihesabu kazi hii miongoni mwa machimbuko ya sanaa ya opti, yaani uchoraji ambao mada yake ni kuona kwenyewe.

Jaribu mwenyewe. Weka kikombe juu ya karatasi, uzungushie duara kwa penseli, mkono mwepesi. Kisha chora mistari ya wima kwa rula kutoka juu hadi chini, mingi, iliyokaribiana. Kila mstari unapoingia ndani ya duara, achana na rula uupinde kuelekea nje: wa kushoto kwenda kushoto, wa kulia kwenda kulia. Ukitoka kwenye duara, urudishe kwenye njia yake. Mwisho futa duara. Karatasi imevimba katikati. Unajua kwamba ni bapa, umeichora mwenyewe, na bado imevimba. Ubongo umezoea kwamba alama zilizo juu ya kitu cha mviringo huonekana pana katikati na kubanana pembeni, na ukikutana na mpangilio huo hauombi ruhusa yako. Picha zake mashuhuri za Vega, alizozianza mwaka 1957, zinatumia kanuni hiyohiyo kwa miraba, miduara na rangi.

Kazi nyingine, Supernovae, iliyo kwenye makumbusho ya Tate, London, ina miraba myeusi iliyotenganishwa na vichochoro vyeupe. Kwenye njia panda za vichochoro hivyo hutokea vidoa vya kijivu, na ukikikazia macho kidoa kimoja kinatoweka huku wenzake wakibaki. Ludimar Hermann, mtaalamu wa fiziolojia wa Ujerumani, aliieleza hali hii mwaka 1870. Vitabu vingi tulivyosomea vinasema seli za retina hupunguzana nguvu: iliyopata mwanga humdidimiza jirani yake, na kwenye njia panda weupe unatoka pande nne, kwa hiyo mdidimizo ni mkubwa zaidi. Maelezo mazuri, na bado yanafundishwa. Ila mwaka 2008 mtafiti János Geier, Mhungaria mwingine, akaonyesha pamoja na wenzake kwamba ukiipa mistari hiyo mawimbi kidogo tu vidoa vinapotea, ingawa kiasi cha mwanga hakijabadilika sana. Retina peke yake haitoshi kueleza. Unyoofu wa mistari nao una neno, na huenda jambo lenyewe linaamuliwa ndani zaidi kwenye ubongo.

Baada ya vita Vasarely aliwaacha wanyama. Mawe yaliyosuguliwa na bahari kwenye kisiwa cha Belle-Île, mwaka 1947, yalimshawishi kwamba maumbo matupu yanaweza kubeba picha nzima. Mwaka 1955 alikuwa kwenye maonyesho ya mwendo katika nyumba ya sanaa ya Denise René, Paris, na mwaka 1965 kwenye yale ya makumbusho ya MoMA, New York, yaliyoifanya sanaa ya opti kuwa mtindo wa mjini. Wenye viwanda vya nguo wakaidaka. Bridget Riley wa Uingereza, aliyeonyesha kazi pamoja naye, alikasirika kuona michoro yake imegeuzwa magauni bila idhini.

Vasarely alikuwa na mawazo tofauti kabisa. Mwaka 1959 alisajili hataza ya mfumo wake: umbo dogo ndani ya mraba, rangi mbili zinazokinzana, na vipande hivyo vikapangwa na kupangwa upya bila mwisho. Rangi zilipewa alama, msaidizi akafuata maelekezo, na nakala ya mia ikawa na thamani ya ya kwanza. Kwetu wazo hilo si geni sana. Wachoraji wa Tingatinga wa Dar es Salaam wamechora chui yuleyule mara elfu, na mnunuzi haulizi yupi ni wa asili. Alichotaka zaidi Vasarely ni picha isiyohitaji mkalimani. Kinyume chake, katika Usukuma Bayeye, chama cha wacheza nyoka, walichora kuta za ndani za nyumba zao, na mtafiti Hans Cory akachapisha kitabu kuhusu michoro ya namna hiyo mwaka 1953. Mgeni angeona nyoka na watu. Maana yake ilitaka mkubwa wa kufunza. Picha ya Vasarely inamvimbia kila mwenye macho, aliyesoma na asiyesoma. Hapo ndipo nguvu yake ilipo, na nadhani ndipo udhaifu wake ulipo pia: ukishashangaa, mara nyingi huna la kuuliza tena.

Alifariki mwaka 1997. Februari 2019 makumbusho ya Pompidou, Paris, yalifungua maonyesho makubwa ya kazi zake, na mwezi huohuo mwanabiolojia Tim Caro na wenzake wakachapisha utafiti kuhusu milia uliofanyika Uingereza: farasi walivikwa vitambaa vyeusi, vyeupe au vya milia, kisha nzi wafyonza damu wakahesabiwa. Kwenye milia walitua wachache sana. Kichwani, ambako kitambaa hakikufika, walitua kama kawaida. Nzi walikuja, lakini hawakupunguza mwendo. Wengine walipita, wengine wakajigonga. Mwaka huohuo Wajapani waliwapaka ng'ombe weusi mistari myeupe, na wadudu waliowauma wakapungua kwa karibu nusu. Namna milia inavyofanya kazi bado inabishaniwa, ila kwamba inafanya kazi ushahidi unazidi kukusanyika.

Majaribio hayo yalifanywa mbali na Glossina swynnertoni, mbung'o wa ukanda wa Serengeti na Maswa, anayeambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Lakini mwaka 1992 mtafiti Gabriella Gibson alikwisha kuwajaribu mbung'o kwa vibao vya milia, akaona kwamba milia ya mlalo ndiyo waliyoikwepa zaidi. Mtazame pundamilia miguuni: milia imelala. Rangi ya ng'ombe wa Japani ilidumu siku chache tu, na mwenye ng'ombe mia mbili Meatu hatashika brashi kila wiki, kwa hiyo kwa mifugo tutaendelea na dawa za kuogeshea. Kwa watu, hatua ya kwanza ni nguo. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi kwa sababu rangi hizo huwavuta. Mchungaji anayepita kando ya Maswa na shati la bluu iliyokolea amevaa mtego, ila hauna sumu.