Mfalme Aliyeimba kwa Sauti ya Msichana

Huko Ureno, zamani, palikuwa na mfalme ambaye mara nyingi akishika kalamu aligeuka msichana.

Msicheke kwanza, wajukuu. Mfalme Dinis alikuwa mtu wa shoka. Alitawala kuanzia 1279 hadi alipofariki 1325, akaanzisha chuo kikuu cha kwanza cha nchi yake mwaka 1290, na Wareno hadi leo humtaja wakiuzungumzia msitu wa misonobari wa Leiria. Lakini hebu sikilizeni nyimbo zake. Mtamsikia binti aliyebaki peke yake akiyauliza maua ya msonobari kama yana habari za mpenzi wake, na maua yanamjibu. Mfalme mwenyewe humwoni kabisa. Kajificha.

Ndiyo maana mkisoma washairi wa Ureno, msianze kwa kuuliza shairi linahusu nini. Ulizeni: nani anasema humu? Watu hawa wana desturi ya kuazima sauti, na kila karne imekuwa na namna yake ya kuazima.

Enzi za Dinis, Kireno na lugha ya majirani zao wa Galicia, upande wa kaskazini, vilikuwa bado kitu kimoja, na washairi wa pande zote mbili waliimba katika lugha hiyo. Nyimbo zao zilikuwa za aina tatu. Ya kwanza ni hiyo ambayo mwanamume anatunga lakini anayesema ni msichana. Ya pili, mwanamume anamlilia bibi wa daraja la juu asiyemtazama hata kwa jicho la huruma. Ya tatu ni ya kusutana, nayo ilikuwa na ngazi mbili: kumsema mtu kwa mafumbo, au kumtaja jina na kumwaga kila kitu hadharani. Dinis peke yake ameacha nyimbo 137.

Nyimbo za msichana ndizo zilizo tamu kuliko zote, kwa maoni yangu. Ubeti ni mishororo miwili tu na kiitikio. Ubeti unaofuata unasema jambo lilelile kwa kubadilisha neno la mwisho ili kina kigeuke, kisha ubeti wa baadaye unauchukua mshororo uliokwisha kuimbwa na kuanzia hapo. Nyinyi mliosoma mashairi ya pindu mnaijua raha yake: shairi linasonga mbele huku limeshika mkia wake lenyewe. Kwa karne nyingi maneno yake yalibaki bila sauti, maana yalikuwa yameandikwa pasipo alama za muziki. Halafu mwaka 1914 muuza vitabu wa Madrid, Pedro Vindel, akakuta karatasi ya ngozi iliyotumiwa kujalidia kitabu kingine. Juu yake palikuwa na nyimbo saba za Martim Codax, mshairi aliyeimba juu ya bahari ya Vigo, na sita kati yake zilikuwa na muziki wake. Fundi wa kale wa majalada aliiona takataka, na kwa kuiona takataka akaiokoa.

Tuvuke karne mbili haraka. Mwaka 1526 mshairi Sá de Miranda alirudi nyumbani kutoka Italia, akaleta soneti, yaani shairi la mishororo 14, pamoja na mshororo mrefu wa mizani 10. Wareno walikuwa wamezoea mishororo mifupi ya mizani tano au saba, ile inayoingia kinywani upesi na kuchezeka. Kuanzia hapo wakawa na vipimo viwili, cha kale na kipya, na mshairi hodari alitakiwa avimudu vyote. Aliyevimudu kuliko wote alikuwa mtu mmoja mgomvi, maskini, mwenye jicho moja.

Huyo ni Luís de Camões. Alizaliwa yapata 1524. Jicho la kulia lilimtoka vitani Ceuta, Afrika ya Kaskazini. Mwaka 1552, siku ya maandamano ya dini huko Lisbon, alimjeruhi mtumishi mmoja wa ikulu, akatiwa ndani. Mwaka uliofuata akasamehewa na kupanda meli ya kwenda India. Alikaa Mashariki miaka mingi. Inasimuliwa kwamba meli yake ilizama karibu na mlango wa mto Mekong, naye akaogelea huku ameinua karatasi za utenzi wake juu ya maji. Sijui mtu anaogeleaje hivyo, lakini Wareno wanaipenda mno hadithi hii na mimi sitawaharibia. Jambo lenye ushahidi zaidi ni kwamba alipokuwa akirudi alikwama Kisiwa cha Msumbiji, hana hata nauli, anakula kwa hisani ya marafiki. Mwanahistoria Diogo do Couto alimkuta hapo, akaandika alivyomwona. Marafiki wakachanga, wakamlipia madeni, akafika Lisbon 1570.

Miaka miwili baadaye utenzi ukachapishwa, ukiitwa Os Lusíadas. Una nyimbo 10 na beti 1,102. Kila ubeti una mishororo minane: sita ya mwanzo vina vyake vinapishana, miwili ya mwisho vinafanana na kuufunga ubeti kama mlango. Habari yake ni safari ya Vasco da Gama kutoka Ureno hadi India. Na hapa tegeni masikio, kwa sababu safari hiyo ilipita kwetu.

Gama alifika Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498. Katika utenzi, Mombasa ni mji wa mtego, hata mungu wa kike Venus, akisaidiwa na mabinti wa baharini, anaisukuma meli kwa kifua ili isiingie bandarini. Malindi ni mji wa wema. Mfalme wa Malindi anakuja melini, anamwomba mgeni amweleze habari za nchi yake, na Gama anaanza kusimulia. Anasimulia nyimbo tatu nzima! Historia yote ya Ureno, wafalme wake na vita vyake, inasemwa mbele ya wenyeji wa pwani yetu.

Sasa ulizeni lile swali. Nani anasema? Camões amemwachia Gama ulimi. Gama naye, katikati ya kusimulia, anamwachia mzee mmoja aliyesimama ufukweni Lisbon siku ya kuondoka, na mzee huyo anailaani safari: tamaa tupu, anasema, kiburi tupu. Kisha Gama anaiachia sauti Rasi ya Tumaini Jema. Rasi inainuka kama jitu liitwalo Adamastor, linatishia mabaharia kwa maangamizi, halafu linalia, kwa maana lilidanganywa katika mapenzi na kugeuzwa mwamba. Huo ndio ufundi wa Camões. Amekusudia kulisifu taifa lake, lakini maneno makali kuliko yote dhidi ya safari ameyaweka ndani ya sifa hizohizo.

Hilo lisiwafanye mkadhani alikuwa upande wetu. Katika wimbo wa mwisho anatabiri, na kwa fahari, jinsi Wareno watakavyoitia adabu Kilwa na kuichoma Mombasa yenye majumba ya kupendeza, na Lamu na Barawa nazo zinatajwa kwa damu. Alipoandika, mambo hayo yalikuwa yamekwisha kutokea. Kilwa na Mombasa zilishambuliwa 1505. Mfalme wa Malindi katika utenzi anasikiliza sana na kusema kidogo. Someni utenzi huo kwa macho mawili, mwenye nalo moja aliona mengi lakini si yote. Mfalme Sebastião alimpa Camões malipo ya realesi 15,000 kwa mwaka, ambayo hayakuwa makubwa, na tarehe 10 Juni 1580 mshairi huyo akafa. Siku hiyo ndiyo sikukuu ya taifa la Ureno hadi leo.

Karne ya 17 nitairuka. Washairi wake walishindana kufungasha maneno mpaka maana ikakosa hewa.

Karne ya 18 ilikuja na mchezo mwingine. Washairi walikutana katika vyama, wakajifanya wachungaji wa kondoo wa Ugiriki ya kale, kila mmoja na jina lake la uchungaji, ingawa wengi wao pengine hawakuwahi kumshika kondoo. Mmoja wao alikuwa Manuel Maria Barbosa du Bocage, mzaliwa wa Setúbal mwaka 1765. Alijiita Elmano Sadino: herufi za Manoel zimechanganywa zikawa Elmano, na Sadino ni kutokana na Sado, mto wa kwao. Alikwenda India kama mwanajeshi, akatoroka kazini, akafika hadi Macau, akarudi Lisbon 1790. Mwaka 1797 akafungwa kwa ajili ya mashairi yake. Soneti zake ni za mtu anayegombana na moyo wake mwenyewe, lakini watu wa mitaani wanamkumbuka kwa vichekesho. Mnamjua Abunuwasi? Yule naye alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad kabla ya kugeuzwa mjanja wa hadithi. Bocage kapata bahati, au mkosi, wa namna hiyohiyo: vichekesho vingi vinavyosimuliwa kwa jina lake hakuhusika navyo.

Mwaka 1825 Almeida Garrett, akiwa uhamishoni, alichapisha huko Paris shairi refu ambalo shujaa wake ni Camões mwenyewe. Mizungu ya wachungaji ikaachwa, ukaingia wakati wa kumwaga hisia. Mpaka 1865 hisia hizo nazo zilikuwa zimechacha, na vijana wa Coimbra wakiongozwa na Antero de Quental wakamshambulia kwa maandishi mzee Castilho, mshairi kipofu aliyeheshimiwa sana, wakisema ushairi wake ni pambo lisilo na fikra. Ugomvi ulikolea hata Antero akapigana kwa upanga na mwandishi Ramalho Ortigão. Ortigão alijeruhiwa kidogo, na baadaye wakawa marafiki. Fikirieni, panga zimetolewa kwa sababu ya mitindo ya uandishi!

Ninayempenda katika karne hiyo hakupigana na mtu. Cesário Verde aliuza vyuma katika duka la baba yake mjini Lisbon, na jioni akitembea barabarani akitazama. Shairi lake moja linamhusu mchuuzi wa mboga: mshairi analitazama kapu, na mboga na matunda vinaanza kuungana machoni pake, hili kichwa, lile kifua, mpaka mtu mzima anasimama. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1886 akiwa na miaka 31, bila kuwa na kitabu hata kimoja. Rafiki yake ndiye aliyemchapishia.

Mnamkumbuka yule msichana wa nyimbo za Dinis, aliyeimbiwa na wanaume? Ilikuwapo haja ya mwanamke kusema mwenyewe. Florbela Espanca, aliyesomea sheria Lisbon wakati wasichana chuoni walihesabika, alitoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1919. Alichukua soneti, vazi lilelile la Camões, akasema humo mapenzi na maumivu ya mwanamke bila kuomba radhi. Wengi walikunja uso.

Na huyu anayefuata aliazima hadi akapita mipaka. Fernando Pessoa alizaliwa Lisbon 1888. Baba yake alifariki angali mdogo, mama akaolewa na balozi mdogo wa Ureno mjini Durban, na mtoto akakulia huko, Afrika ya Kusini, kuanzia 1896 hadi 1905. Tangu akiwa na miaka kama sita alikuwa na rafiki wa kubuni aliyekuwa akimwandikia barua; barua, bila shaka, aliziandika mwenyewe. Alipokua akarudi Lisbon, akaishi kwa kuandikia makampuni ya biashara barua za lugha za kigeni.

Yeye alisimulia kwamba tarehe 8 Machi 1914 alisimama mbele ya kabati refu la nguo, akaandika mashairi zaidi ya 30 mfululizo, na mwandishi wake hakuwa yeye. Wataalamu waliozichunguza karatasi wanasema hapo katia chumvi. Hata hivyo mashairi yapo, na jina la mwandishi huyo wa kubuni ni Alberto Caeiro, mtu wa mashamba asiye na elimu kubwa. Caeiro hana vina wala mizani. Kwake mti ni mti, na anayetafuta siri ndani yake anajisumbua. Baada yake wakaja wanafunzi wake. Ricardo Reis, daktari, anaandika kwa utulivu na vipimo vya Kirumi. Álvaro de Campos, mhandisi aliyesomea Glasgow, mishororo yake ni mirefu, inapiga kelele, imejaa mashine na bandari. Kila mmoja alipewa mwaka wa kuzaliwa na hata nyota yake ilipigwa. Walibishana wao kwa wao. Ofélia, mchumba wa Pessoa, alikumbuka kwamba siku nyingine bwana huyo alifika akasema leo si Fernando, ni Álvaro de Campos. Ofélia hakumpenda Álvaro hata kidogo.

Pessoa alipofariki 1935 alikuwa amechapisha kitabu kimoja tu cha mashairi kwa Kireno. Nyumbani aliacha sanduku. Karatasi zilizotokana na urithi huo zinapita 25,000, na hadi leo wasomi wanazichambua.

Sasa, mngeniuliza muanze na nani, nisingewapa Camões. Mngojeeni mpaka muwe na subira. Ningewapa Sophia de Mello Breyner Andresen, aliyezaliwa Porto mwaka 1919 na kuishi hadi 2004, mwanamke wa kwanza wa Ureno kupata Tuzo ya Camões, mwaka 1999. Mashairi yake ni mafupi, meupe, yana bahari tele. Watoto wake walipougua surua aliwasomea vitabu vilivyomchosha kwa ubaya wake, akaamua kuwabunia hadithi mwenyewe, na moja yao, ya msichana mdogo anayeishi baharini na pweza, kaa na samaki, ilitoka mwaka 1958. Yeye, kabla hajajua kusoma, alifundishwa shairi refu la kale la mabaharia, akalikariri lote kichwani. Baadaye alieleza kwamba siku hizo aliamini mashairi hayaandikwi na mtu yeyote: yapo tu yenyewe, na kazi ya mtu ni kunyamaza kimya mpaka ayasikie.