Baruti si Poda Tu: Kemia Iliyomo Ndani ya Risasi ya Kuwindia

Mwenzangu wa bwenini anasoma mambo ya wanyamapori, mimi nasoma kemia. Majuzi akijiandaa kwenda mafunzo kwa vitendo aliniambia, "Kaka, risasi ni risasi. Baruti ukishaijaza inalipuka, basi." Makala hii ni jibu langu kwake. Pia ni jibu kwa yeyote anayekesha na kinetiki muhula huu akijiuliza kama itakuja kumfaa popote nje ya chumba cha mtihani.

Nianze na sheria, tusije tukaelewana vibaya. Kwetu Tanzania bunduki na risasi ni mambo ya leseni, na mtu haruhusiwi kukaa chumbani kwake akatengeneza risasi anavyotaka. Kenya waliupiga marufuku uwindaji tangu 1977. Lakini Marekani na Afrika Kusini, wawindaji wengi wenye leseni hujaza risasi zao wenyewe: wanaokota maganda yaliyokwishatumika, wanayasafisha, wanaweka fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya. Kati ya hatua zote hizo, kinachowaumiza kichwa zaidi ni swali moja: baruti ipi?

Tuelewane kwanza kuhusu neno "kulipuka". Baruti ya bunduki haitakiwi kulipuka kama baruti ya kupasulia miamba. Inatakiwa kuungua, tena kwa mpangilio. Fataki inapogongwa inatoa mwali, mwali unawasha punje za baruti, punje zinageuka gesi ya moto, na gesi inasukuma kichwa cha risasi kupita kwenye mtutu. Kazi yote hiyo huchukua muda wa milisekunde moja au mbili hivi. Katika risasi maarufu ya .30-06 Springfield, iliyotoka 1906, presha ya juu inayoruhusiwa na viwango vya Marekani ni 60,000 psi. Tairi ya gari dogo ina kama 30. Piga hesabu: ni mara 2,000, na presha hiyo yote iko sentimita chache tu mbele ya shavu la mpigaji.

Sasa hapo ndipo kinetiki inapoingia. Mfaransa Paul Vieille, aliyetengeneza baruti ya kwanza isiyo na moshi iliyofaa kwa bunduki mwaka 1884, alionyesha kwamba kasi ya kuungua kwa baruti inategemea presha. Presha ikipanda, baruti inaungua haraka zaidi. Ikiungua haraka zaidi, gesi inaongezeka na presha inapanda tena. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe. Kinachouzuia usivuke mpaka ni kichwa cha risasi kusogea mbele, maana kila kinaposogea, nafasi ya gesi inaongezeka. Kwa hiyo ndani ya bunduki kuna mashindano: baruti inazalisha gesi, na kichwa cha risasi kinaipisha nafasi. Baruti ikishinda kwa mbali, chuma kinapasuka. Ikishindwa kwa mbali, risasi inatoka kivivu na punje ambazo hazijaungua zinabaki mtutuni.

Watengenezaji wanaiongozaje kasi hiyo? Kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni umbo na ukubwa wa punje. Moto unakula baruti kutoka kwenye uso wake, kwa hiyo punje ndogo, zenye uso mwingi kwa uzito uleule, zinakwisha haraka kuliko punje nene. Punje nyingi za bunduki za kuwindia ni vijiti vyenye tundu katikati: moto unakula nje na uso wa nje unapungua, lakini unakula pia ndani na tundu linapanuka. Hivyo gesi inatoka kwa usawa zaidi. Njia ya pili ni kuzipaka punje kemikali ya kupunguza kasi ya mwali mwanzoni, wakati kichwa cha risasi bado hakijasogea sana. Ule weusi unaong'aa ni grafiti, ambayo husaidia punje ziteleze na zisikusanye umeme tuli.

Kutokana na hayo, baruti hupangwa kwa kasi, kutoka ya haraka kabisa ya bastola hadi ya polepole kabisa ya bunduki kubwa. Kuchagua ni kulinganisha kasi hiyo na mambo matatu: ujazo wa ganda, upana wa mtutu, na uzito wa kichwa cha risasi. Chukua .308 Winchester na .30-06. Zote mbili hutumia vichwa vya upana uleule, ila ganda la .308 hubeba maji ya takriban greni 56 na la .30-06 takriban greni 68. (Greni ni kipimo cha wajazaji, moja ni gramu 0.0648.) Kwa hiyo .308 hupendelea baruti za kasi ya kati, kama IMR 4064 au Varget, na .30-06 yenye kichwa kizito cha greni 180 huelewana vizuri na za polepole kidogo, kama H4350. Kichwa kizito kinachelewa kusogea, yaani kinachelewa kuipisha gesi, ndiyo maana kinahitaji baruti isiyo na pupa.

Usalama nao una hesabu yake. Baruti inayofaa mara nyingi hulijaza ganda karibu lote. Ukikosea ukaimimina mara mbili, inamwagika mezani na unaona. Baruti ya haraka hutumika kidogo tu, hivyo kipimo maradufu kinaweza kuingia kwenye ganda kubwa bila mtu kushtuka. Kwa upande mwingine, kupunguza sana baruti ya polepole kwenye ganda kubwa, ukidhani ndiyo tahadhari, nako ni hatari: kumewahi kuleta presha za ghafla zilizovunja bunduki. Kidogo si lazima kiwe salama.

Majina nayo yana mitego. IMR 4831 na H4831 zina namba moja, lakini ya kwanza inaungua haraka kuliko ya pili. Somchem ya Afrika Kusini wana S335, Hodgdon ya Marekani wana H335, na hizo ni baruti mbili tofauti kabisa. Mtu akichukua kipimo cha moja akakitumia kwa nyingine kwa sababu namba zinafanana, anacheza na uso wake mwenyewe. Namba ni jina tu, kama namba ya chumba cha bweni. Haikwambii nani anaishi ndani.

Tuje nyumbani sasa, kwenye joto. Waingereza walivumbua baruti iitwayo kodaiti mwaka 1889. Ilikuwa na nguvu, lakini joto la Afrika na India liliipandisha presha kuliko baridi ya Uingereza ilipojaribiwa. Presha ikizidi, ganda hubana ndani ya chemba na kukataa kutoka, na mbele yako nyati hakusubiri ulichokonoe. Watengenezaji wakajibu kwa njia mbili: kuuza risasi za kitropiki zenye baruti pungufu, na kutengeneza maganda makubwa yanayofanya kazi kwa presha ya chini. .416 Rigby ya 1911 ni mtoto wa fikra hiyo. Ukilishika ganda lake unajiuliza ukubwa wote huo wa nini; jibu ni jua letu. Siku hizi zipo baruti ambazo haziyumbi sana joto linapobadilika, lakini hata hizo hazitoi ruhusa ya kuacha risasi kwenye dashibodi ya Land Cruiser mchana kutwa.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa .458 Winchester Magnum, iliyotoka 1956. Lengo lilikuwa kuweka nguvu ya bunduki kubwa za tembo kwenye ganda fupi la inchi 2.5, liingie katika bunduki ya kawaida na ya bei nafuu. Ilienea Afrika kwa wawindaji wa kitaalamu na kwa walinzi wa wanyamapori. Tatizo ni kwamba kichwa cha greni 500 kilichukua nafasi kubwa, na baruti ikabidi ishindiliwe. Risasi zilizokaa muda mrefu, baruti yake iligandamana ikawa kama sukari iliyopata unyevu. Baruti ya namna hiyo haiungui sawasawa: moja inatoka vizuri, nyingine inatoka dhaifu. Kiwandani walirekebisha baadaye, ila imani ya watu ilikuwa imeshatikisika. Mmarekani Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959 akiwa na bunduki ya .458, hakuridhika na nguvu yake. Mwaka 1971 akaja na .458 Lott yenye ganda refu la inchi 2.8. Baruti ikapata nafasi ya kupumua.

Basi mtu mwenye leseni, katika nchi inayoruhusu, anachaguaje? Anafungua kitabu cha vipimo cha mtengenezaji baruti au vichwa vya risasi, anatafuta risasi yake na uzito wa kichwa chake. Anapendelea baruti inayojaza ganda vizuri bila kushindiliwa, na isiyoyumbishwa na joto la mahali anapowinda. Anaanza na kipimo cha chini kilichoandikwa, hashuki chini yake, na anapanda kidogo kidogo akikagua maganda na fataki. Akibadilisha fataki au kichwa, anaanza upya. Mezani anaweka kopo moja tu la baruti, na hatumii baruti isiyo na lebo hata kama anaapa anaijua kwa macho.

Kwa mwenzangu wa wanyamapori, yeye hatajaza risasi, atapewa. Lakini siku atakapokabidhiwa boksi la zamani lililokaa stoo isiyo na dari misimu kadhaa, nataka aulize limekaa humo tangu lini, na adai risasi chache zijaribiwe shabahani kabla hajaingia nazo kwenye majani marefu. Swali hilo halihitaji shahada ya kemia. Linahitaji tu mtu kujua kwamba ndani ya ganda kuna mmenyuko unaotegemea umbo, nafasi, presha na joto, na kwamba mmenyuko huo haumwogopi mtu.