Yannis Tsarouchis: Mchoraji Aliyemtazama Askari kwa Jicho Jingine

Askari akichorwa, aghalabu huchorwa akiwa juu ya farasi, upanga mkononi, au amesimama wima na nishani zimejipanga kifuani. Yannis Tsarouchis, mchoraji wa Ugiriki, hakumtazama hivyo. Yeye alimchora askari ameketi mkahawani, amevua kofia, ametupa macho mbali kama mtu akumbukaye nyumbani. Kwa picha hizo alisifiwa, na kwa picha hizo hizo alishutumiwa.

Tsarouchis alizaliwa tarehe 13 Januari 1910 katika mji wa Piraeus, ambao ndio bandari ya Athens. Mtoto wa bandari huwazoea mabaharia kama mtoto wa shamba azoeavyo ng'ombe, na sare nyeupe za wanamaji hazikumtoka machoni maisha yake yote. Alisoma katika Chuo cha Sanaa cha Athens, lakini huenda mafunzo yaliyomwingia zaidi ni yale aliyoyapata nje ya darasa. Mchoraji Fotis Kontoglou alimfundisha namna wazee wa Bizanti walivyochora watakatifu makanisani. Tena, aliupenda mno mchezo wa vivuli uitwao Karagiozis, ambao wasomi wengi wa wakati ule waliuona kuwa ni kipumbazo cha wasiosoma. Mwaka 1935 alikwenda Paris, akaziona kazi za Matisse, kisha akarejea kwao. Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalifanyika Athens mwaka 1938.

Tarehe 28 Oktoba 1940 majeshi ya Italia yaliivamia Ugiriki kupitia Albania. Tsarouchis naye aliitwa jeshini, akaingia katika vita vile vya milimani. Basi, alipoendelea kuchora askari baada ya vita, hakuwa mtu aliyewatazama kwa mbali.

Mwaka 1952, katika maonyesho makubwa ya Athens, picha yake iliyomwonyesha baharia ameketi karibu na mtu aliyelala uchi iliondolewa baada ya wanamaji kulalamika kwamba sare yao imevunjiwa heshima. Msomaji aliyepata kuvaa sare ataelewa uchungu wao, kwani sare si mali ya mtu mmoja. Hata hivyo, Tsarouchis hakuwa na nia ya kuwadhihaki. Aliwachora vijana hawa kwa utulivu ule ule ambao wazee wa Bizanti waliutumia kuwachora watakatifu, na baadhi yao akawapa mabawa mgongoni. Picha yake moja kubwa aliiita Walinzi Waliosahauliwa. Jina hilo peke yake latosha kuonyesha moyo wake ulielekea wapi.

Jukwaani ndiko jina lake lilikovuka bahari. Mwezi Novemba 1958, mjini Dallas, Marekani, mwimbaji Maria Callas aliimba Medea chini ya uongozi wa Alexis Minotis, na Tsarouchis ndiye aliyebuni mandhari na maleba. Onyesho hilo lilipelekwa London mwaka 1959, na mwaka 1961 likaonekana Epidaurus, katika ukumbi wa mawe wa Wagiriki wa kale, na pia Milan.

Nyumbani, mambo hayakuwa laini. Mwezi Agosti 1959 mwongozaji Karolos Koun alionyesha Ndege, mchezo wa Aristophanes, chini ya ngome ya Acropolis. Muziki ulitungwa na Manos Hadjidakis, na mandhari na maleba yalikuwa ya Tsarouchis. Katika onyesho moja kuhani wa kale aliimba kwa sauti zilizofanana na za mapadri wa Kiorthodoksi, na watazamaji wakafanya ghasia. Waziri Konstantinos Tsatsos akapiga marufuku maonyesho yaliyosalia. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1962, mchezo huo huo ulitunzwa tuzo mjini Paris.

Mwezi Aprili 1967 makanali walitwaa serikali ya Ugiriki, na mwaka huo Tsarouchis akahamia Ufaransa. Utawala huo ulianguka mwaka 1974.

Kazi yake ya mwaka 1977 ndiyo mwandishi huyu angependa kuiona kuliko zote. Tsarouchis aliuchukua mchezo wa Euripides, Wanawake wa Troya, akaufasiri mwenyewe, akauongoza mwenyewe, na kubuni kila kilichovaliwa. Hakutafuta ukumbi wa marumaru. Aliuonyesha katika uwanja wa kuegeshea magari katika mtaa wa Kaplanon, Athens, palipokuwa na kuta chakavu za nyumba zilizobomolewa. Mchezo wenyewe wahusu siku inayofuata ushindi: mji umeteketea, wanaume wameuawa, na wanawake wanagawanywa kwa washindi kama nyara. Euripides aliuonyesha mwaka 415 kabla ya Kristo, muda mfupi baada ya jeshi la Athens, la mji wake mwenyewe, kuwatenda hivyo watu wa kisiwa cha Melos. Kwa mandhari ya namna hiyo, magofu ya kweli yalitosha, na mbao na turubai zisingeongeza kitu.

Nyumba yake ya Maroussi, nje kidogo ya Athens, ilifunguliwa kuwa makumbusho ya kazi zake mwaka 1982. Alifariki mjini Athens tarehe 20 Julai 1989, akiwa na umri wa miaka 79.