Nani Aujenge Ukurasa: Seva au Simu ya Msomaji?

Mtu anapobonyeza jina la tovuti katika simu yake huona mambo mawili tu: kwanza weupe mtupu, kisha ukurasa. Katika muda huo wa weupe kuna kazi kubwa inayofanyika, na kazi hiyo sharti ifanywe na mashine fulani, kwa umeme fulani, kwa gharama ya mtu fulani. Ni mashine ipi ifanye kazi hiyo? Swali hilo limewashughulisha waundaji wa tovuti kwa zaidi ya miaka thelathini, na jibu lao limekwisha kugeuka mara mbili. Makala haya yanaeleza mageuzi hayo, kwa kuwa yanamgusa mwanafunzi anayesoma kwa simu ya bei nafuu na kwa kifurushi cha intaneti kinachohesabiwa kwa megabaiti.

Tuchukue mfano wa jikoni. Mgeni aweza kuletewa sahani ya chakula kilichokwisha kupikwa. Au aweza kuletewa unga, sufuria, kuni na karatasi yenye maelezo ya upishi, akaambiwa ajipikie. Njia ya kwanza humshibisha upesi. Njia ya pili humchosha siku ya kwanza, lakini sufuria ikishafika, mlo wa pili na wa tatu huhitaji unga tu. Hapa mpishi wa kwanza ni seva, yaani kompyuta inayohifadhi kurasa na kuzigawa kwa wanaoziomba. Mgeni ni simu ya msomaji, pamoja na programu yake ya kufungulia kurasa, ambayo huitwa kivinjari.

Mwaka 1991 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN karibu na Geneva, aliutangazia umma mtandao wake wa kurasa. Kurasa hizo zilikuwa chakula kilichopikwa. Seva ilituma maandishi yaliyotiwa alama za lugha ya HTML, alama zinazosema hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hili ni jedwali, na kivinjari kiliyapanga kiooni. Lugha ya JavaScript, iliyoundwa na Brendan Eich wa kampuni ya Netscape mwezi wa Mei 1995 kwa muda wa siku kumi hivi, iliongeza uwezo wa kutuma maagizo pamoja na maandishi, ili ukurasa uweze kutenda jambo baada ya kufika. Kwa miaka kadhaa maagizo hayo yalikuwa kama chumvi tu mezani. Huduma ya barua ya Gmail ya mwaka 2004 na ramani za Google za mwaka 2005 ndizo zilizowaonyesha watu wengi kwamba ukurasa waweza kujibadilisha wenyewe bila kuombwa upya wote kutoka kwa seva.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Kivinjari huushika ukurasa katika kumbukumbu yake kama mti: shina moja, matawi, na vitawi vidogo hadi kufikia kila neno na kila picha. Tuseme ukurasa una jedwali la alama za wanafunzi arobaini, na alama ya mmoja imebadilika. Mtengeneza programu alipaswa kuandika hatua zote kwa mkono: tafuta jedwali, tafuta mstari, futa namba ya zamani, weka mpya, kisha kokotoa upya wastani ulio chini ya jedwali. Akisahau hatua moja, ukurasa unasema uongo, kwa kuwa juu unaonyesha alama mpya na chini wastani wa zamani. Katika ukurasa wenye mamia ya sehemu zinazotegemeana, kusahau ni jambo la kila siku.

Ili kupunguza makosa hayo vikabuniwa viunzi, yaani mafungu ya programu zilizokwisha kuandikwa ambazo mtengeneza tovuti hujengea juu yake, kama vile mwashi asivyofyatua mwenyewe kila tofali. AngularJS ya Google ilitoka mwaka 2010, na Vue ya Evan You mwaka 2014. Kati yao, mwezi wa Mei 2013, kampuni ya Facebook ilitoa kwa umma kiunzi cha React, kazi iliyoanzishwa na mhandisi wake Jordan Walke. Katika React mtengeneza programu haandiki hatua za kubadilisha. Huandika tu jinsi ukurasa unavyopaswa kuonekana kwa takwimu zilizopo. Takwimu zikibadilika, kiunzi huchora mti mpya katika kumbukumbu, huulinganisha na mti wa awali, kisha hugusa pale tu penye tofauti. Ni wazo zuri, nasi hatuoni sababu ya kulibeza, kwani liliwaondolea watengeneza programu aina nzima ya makosa.

Lakini kiunzi nacho ni programu, na kilibidi kisafiri hadi katika simu ya msomaji pamoja na maagizo yote ya tovuti. Tovuti nyingi za miaka iliyofuata zilituma ukurasa ulio karibu mtupu, na furushi la JavaScript nyuma yake. Sufuria na kuni zilifika kabla ya unga.

Uzito wa mafurushi haya waweza kupimwa. Mradi wa HTTP Archive hupima mara kwa mara mamilioni ya tovuti. Mwaka 2024 kurasa za mbele za tovuti, kama zinavyotumwa kwa simu, zilipopangwa kwa uzito, ule uliokuwa katikati kabisa ya orodha, yaani mediani, ulikuwa na megabaiti 2.3 hivi. Kati ya hizo, kiasi cha kilobaiti 550 kilikuwa JavaScript. Herufi moja ya kawaida huchukua baiti moja. Ukurasa wa kitabu wenye herufi 2,000 ni kilobaiti mbili. Hivyo basi kilobaiti 550 ni sawa na kitabu cha kurasa 275, na hicho ni kipimo cha furushi likiwa limebanwa kwa ajili ya safari. Likifunguliwa hunenepa zaidi. Picha yenye uzito huo huo ikishafika huhitaji kuchorwa tu. JavaScript, kinyume chake, hupaswa kusomwa, kufasiriwa na kutekelezwa, na prosesa ya simu ya bei nafuu huifanya kazi hiyo polepole mara kadhaa kuliko ya simu ya bei kubwa ambayo mtengeneza tovuti mwenyewe huwa nayo mfukoni.

Kisa kinachoonyesha vizuri athari ya uzito kilielezwa mwezi wa Desemba 2012 na Chris Zacharias, aliyekuwa mhandisi wa YouTube. Ukurasa wa kutazamia filamu katika tovuti hiyo ulikuwa umefikia megabaiti 1.2. Yeye akajaribu kuunda mwingine ulio chini ya kilobaiti 100, na baada ya kupogoa kwa bidii akafikisha kilobaiti 98. Ukurasa huo mwepesi ulitolewa kwa sehemu ndogo ya watazamaji, na baada ya juma moja takwimu zikakusanywa. Matokeo yalikuwa kinyume na matarajio yote: wastani wa muda wa kufungua ukurasa ulikuwa umeongezeka!

Mwanafunzi wa hisabati asimame hapa kidogo na kutafuta sababu kabla ya kuendelea.

Jibu lilipatikana takwimu zilipogawanywa kwa nchi na maeneo. Watu wa Kusini-Mashariki mwa Asia, Amerika ya Kusini, Afrika, na hata sehemu za mbali za Siberia, walikuwa wameanza kutazama. Awali hawakuwamo katika hesabu kabisa. Kwao ukurasa wa zamani ulihitaji zaidi ya dakika ishirini kufunguka, basi walikata tamaa na kuondoka bila kuacha alama. Ukurasa mpya uliwachukua dakika mbili, muda mrefu, lakini unaovumilika. Hesabu yenyewe inakubaliana na kisa. Megabaiti 1.2 kwa dakika ishirini ni kilobaiti moja kwa sekunde, na kwa mwendo huo kilobaiti 98 huhitaji sekunde 98, yaani dakika moja na nusu na zaidi kidogo.

Ili kuona jinsi wastani unavyoweza kupotosha, tuseme kuna watu kumi. Tisa wanafungua ukurasa kwa sekunde 2, na wa kumi anashindwa, hivyo hahesabiwi. Wastani ni sekunde 2. Ukurasa ukapunguzwa uzito: wale tisa sasa wanatumia sekunde 1, na wa kumi, aliyefanikiwa kwa mara ya kwanza, sekunde 120. Jumla ni sekunde 129, na wastani ni 12.9. Kila mmoja amepata nafuu, na wastani umekuwa mbaya zaidi ya mara sita. Mwalimu anayefundisha takwimu hatapata kwa urahisi mfano bora kuliko huu wa hatari ya kuhesabu waliofika tu.

Kampuni ya Facebook yenyewe, wenye React, ilipata somo la namna hiyo. Mwaka 2013 iliwatuma baadhi ya wahandisi wake Afrika kuijaribu programu yao ya simu za Android, na katika taarifa ya mwaka 2014 wakaeleza kwamba programu ilikwama mara kwa mara, na kwamba kifurushi chao cha mwezi mzima kilikwisha kwa dakika arobaini. Kweli, hiyo ilikuwa programu ya kupachikwa katika simu wala si ukurasa wa tovuti, lakini ugonjwa ulikuwa ule ule: mashine ya msomaji ilidhaniwa kuwa sawa na mashine ya fundi.

Tangu hapo jibu la swali letu limeanza kugeuka mara ya pili. Mwaka 2016 Rich Harris alitoa Svelte, ambayo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kiunzi mapema, katika kompyuta ya mtengeneza programu, ili simu itumiwe maagizo machache yanayohitajika tu. Wengine walirudisha upishi kwa seva: ukurasa ukafika tayari kwa HTML, kisha maagizo yakafuata ili kuuhuisha. Njia hiyo ilikuwa na kasoro yake, kwa kuwa msomaji aliona kitufe, akakibonyeza, na kitufe hakikujibu, maana maagizo yake yalikuwa bado njiani. Ndipo likaja wazo la visiwa, linalofuatwa na kiunzi cha Astro, ambacho toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2022. Ukurasa huwa bahari ya HTML iliyotulia, na ndani yake visiwa vichache tu, kama vile kisanduku cha kutafutia, ndivyo vinavyopelekewa JavaScript. React nayo ilitangaza mwezi wa Desemba 2020 mpango wa sehemu za ukurasa zinazojengwa kwa seva tu, na mpango huo ukaingia rasmi katika toleo la 19 la mwezi wa Desemba 2024.

Kwa baadhi ya kurasa, hata hivyo, hakuna haja ya kiunzi chochote. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani la Tanzania limetoa matokeo kwa kurasa za kawaida kabisa: orodha ya shule, kisha jedwali la namba za watahiniwa na alama zao. Ukurasa wa namna hii hupikwa mara moja, na sahani ile ile hugawiwa kwa kila aombaye. Vijana wanaojizoeza kuunda tovuti pengine hucheka ushamba wake. Sisi twaona kwamba, siku ambayo maelfu ya watu hufungua ukurasa kwa saa moja, wengi wao kwa simu ndogo, umbo hilo linastahili heshima.

Wala isidhaniwe kwamba seva ndiyo jibu daima. Mganga wa zahanati anayejaza taarifa za wagonjwa mahali ambapo mtandao hukatika kila mara, atashukuru sana ikiwa programu yote imo katika simu yake na inaendelea kufanya kazi bila seva, ikingoja mawasiliano yarudi ndipo ipeleke takwimu. Sufuria yake imekwisha kufika. Anachohitaji ni unga kidogo kila siku.

Tena, kuirudishia seva kazi kuna hatari zake. Ili simu na seva zigawane ujenzi, hutumiana vifurushi vya takwimu ambavyo seva huvifungua na kuvigeuza kuwa vitu vya programu. Tarehe 3 Desemba 2025 ilitangazwa kwamba katika React 19 ufunguaji huo ulikuwa na dosari: mtu yeyote, bila nywila, aliweza kutuma kifurushi kilichotungwa kwa hila na kuifanya seva itekeleze maagizo yake. Dosari hiyo ilipewa daraja la 10 katika kipimo cha hatari kinachoishia 10. Marekebisho yalitolewa siku hiyo hiyo, lakini kila mwenye tovuti ilibidi ayaweke mwenyewe, na wavamizi walianza kuzitafuta seva ambazo hazijarekebishwa ndani ya muda mfupi sana. JavaScript iliyokuwa katika simu ilimchosha msomaji. Hii ya seva yaweza kufungua ghala la wasomaji wote.

Shule yenye chumba cha kompyuta yaweza kuyachunguza mengi ya haya bila gharama kubwa. Katika vivinjari vingi vya kompyuta za mezani, kitufe cha F12 hufungua vyombo vya mtengeneza programu. Katika sehemu ya mtandao huonekana kila faili linaloletwa, uzito wake na muda wake, na ipo nafasi ya kuigiza mawasiliano ya polepole. Wanafunzi wachague tovuti tatu, moja ya gazeti, moja ya wizara na moja ya biashara. Wazifungue kwanza kama kawaida, kisha JavaScript ikiwa imezimwa, na waandike ni maneno mangapi ya habari yenyewe yanayobaki kiooni na ni kilobaiti ngapi zilizotumika kuyaleta.