Mbudya kwa Kayaki au kwa Boti: Kipi Kinakula Pesa?

Bei ya kayaki hutajwa kwa saa, ya boti hutajwa kwa safari, na kiingilio cha hifadhi hutozwa kwa kichwa. Ndiyo maana watu wawili waliokwenda kisiwa cha Mbudya, Dar es Salaam, Jumapili ileile wanaweza kurudi Tegeta wakibishana nani kalipa ghali, na wote wakawa wakweli.

Tuanze na kiingilio, maana hicho hakina ujanja. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975. Uje kwa injini au kwa kafi, unalipa. Raia hutozwa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Swali la kumuuliza mwenye boti kabla hujapanda ni moja: bei yako ina kiingilio ndani, au nje? Wengi huligundua jibu wakiwa tayari kisiwani.

Sasa kayaki. Chukua hesabu ya mfano, kwa namba nilizojipangia tu: kayaki ya watu wawili kwa shilingi 20,000 kwa saa. Inasikika rahisi. Lakini kuvuka kutoka ufukwe wa Kunduchi ni kama saa nzima kwa mtu asiyezoea, kuzunguka kisiwa ni saa moja na nusu ukienda kwa kujivinjari, na kurudi ni saa nyingine. Katikati mtakula samaki na kupumzika kivulini saa mbili, huku kayaki imelala mchangani na saa inahesabu. Jumla ni saa tano na nusu, yaani 110,000, au 55,000 kwa kila mmoja, kabla ya chakula na kiingilio. Boti ya kukodi kwa 120,000 kwenda na kurudi, mkiwa kumi, inawagharimu 12,000 kila mmoja. Mkiwa wanne, 30,000. Mkiwa wawili tu ndipo kayaki inapoishinda boti, tena kwa 5,000. Tofauti hiyo unaimaliza kwa soda.

Kwa hiyo usikubali bei ya saa. Patana bei ya siku nzima, au kodi boti na wenzako, mpakie kayaki moja ndani yake, mzunguke kisiwa kwa zamu. Mimi naona hii ndiyo njia yenye akili kwa familia: watoto na bibi wanabaki ufukweni upande wa magharibi, uliokingwa, wenye nguvu wanapiga kafi. Upande wa mashariki unatazama bahari kuu na una matumbawe. Huko si pa kujifunzia.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti, nayo ni upepo. Desemba hadi Machi, joto linapokuwa kali, ndio wakati wa kaskazi. Ukitoka Kunduchi unapigana nao, ukirudi unakusukuma. Kusi ya Juni hadi Agosti huja na mawimbi ya ubavuni, na kayaki haipendi mawimbi ya ubavuni. Msimu wowote, asubuhi ndiyo tulivu. Alasiri upepo wa bahari huongezeka, na anayekodi kayaki saa nane mchana analipa bei ileile kwa jasho maradufu. Angalia pia bamvua: maji yakipwa sana, utaiburuta kayaki umbali mrefu kabla hujapata kina. Utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ni bure.

Bongoyo inawafaa wa Msasani na Masaki. Boti za Slipway, hapo Msasani, huondoka kwa ratiba, huna haja ya kutafuta watu wa kuchangia, ila umefungwa na saa zao. Nauli ya boti hizo ni kwa kichwa, hivyo kundi kubwa halipati nafuu iliyopo Kunduchi.

Mkazi wa Mbagala au Tandika asiifuate Mbudya kwa sababu tu kila mtu anaitaja. Kuvuka jiji zima hadi Mtongani ya Kunduchi, kisha bodaboda hadi ufukweni, kisha kurudi na foleni ya Jumapili jioni, ni nauli na ni nusu ya siku. Panda kivuko cha Magogoni, au pita Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016, ushuke Mjimwema, Kigamboni. Boti za kwenda kisiwa cha Sinda hukodiwa hapo kwa mapatano. Beba maji na chakula chako, kwani huduma ni chache kuliko Mbudya. Kwa mtu wa Temeke, Sinda inashinda.

Ngalawa ya tanga nayo ipo, na bei yake mara nyingi inapunguzika. Lakini chombo chochote, ngalawa, boti au kayaki, kikikosa jaketi okozi kwa kila kichwa, kiache hata kikiwa cha nusu bei.